Breki Inayokamata Yenyewe Huchunguzwa Ikiwa Bado ya Moto

Breki inayokamata yenyewe ina tabia moja inayowasumbua mafundi kuliko tabia zake nyingine zote: hupoa na kuachia kabla gari halijafika gereji. Dereva anasimulia kwamba gari lilianza kuwa zito njiani, kwamba alipoondoa mguu kwenye mafuta halikuserereka kama kawaida bali lilijivuta na kusimama, kwamba alisikia harufu kali ya kitu kinachoungua na rimu moja ilikuwa haishikiki. Lakini gari linapopandishwa jeki siku ya pili, gurudumu lile lile linazunguka kwa kidole kimoja kana kwamba halikuwahi kuwa na tatizo. Hapo ndipo kazi ya kubahatisha inapoanzia. Kalipa, yaani kifaa kinachozibana padi kwenye diski ya gurudumu, inabadilishwa kwa sababu ndiyo iliyo karibu na moto, padi zinabadilishwa kwa sababu zimeungua, gari linakabidhiwa kwa mwenyewe, na likishakaa kidogo kwenye foleni linarudi na ugonjwa ule ule.

Nimefanya kazi ya breki kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo nimethibitisha kwamba swali la kwanza si kifaa gani kimeharibika. Swali la kwanza ni hili: gurudumu likiwa limekamatwa na hakuna mguu kwenye pedali, je, ndani ya mfumo kuna mgandamizo wa mafuta ya breki uliobaki, au mafuta yamekwisha kurudi na kinachoshika ni chuma kilichokwama? Jibu la swali hilo linapatikana kwa muda mfupi tu, gurudumu likiwa bado limeng'ang'ania. Kwa hiyo sianzi kufungua gari lililopoa. Naliendesha kwanza mahali salama, kwa mwendo wa kusimama na kuondoka, mpaka tatizo lijitokeze lenyewe, kisha nalirudisha gereji ambako jeki, stendi, spana na vitambaa vimeshaandaliwa, ili nisipoteze hata dakika chache za joto lile.

Watu wengi hudhani kwamba pedali ikiachiwa kuna kitu kinachoivuta pistoni ya kalipa irudi nyuma. Kwenye breki za diski za kawaida hakuna springi ifanyayo kazi hiyo. Pistoni imezungukwa na sili ya mpira yenye kingo za pembe nne. Mafuta yanapoisukuma pistoni, sili hujipinda kidogo kwa kuifuata, na mgandamizo unapoondoka sili hurejea umbo lake na kuirudisha pistoni kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Mtikisiko mdogo wa diski inayozunguka humalizia kwa kuzisogeza padi. Hiyo ndiyo nguvu yote iliyopo. Mguu wa dereva ukisaidiwa na busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya pedali, unaweza kuzalisha mgandamizo unaopita bar 70 anapofunga breki kwa nguvu, lakini kurudi kwa pistoni kunategemea unyumbufu wa mpira mwembamba. Nguvu ya kwenda ni ya tembo na nguvu ya kurudi ni ya sisimizi, na ndiyo maana kizuizi ambacho mguu hauwezi kukihisi kabisa wakati wa kukanyaga kinatosha kuliacha gurudumu limekamatwa. Mtu akilielewa hili vizuri, mambo mengi yaliyokuwa yakimtatiza huanza kueleweka.

Gari lililonifundisha zaidi katika jambo hili lilikuwa gari dogo la familia lililokuwa likikamata gurudumu la mbele kulia. Mwenye gari, mama mmoja mwenye subira kubwa, aliniletea likiwa na kalipa mpya za mbele pande zote mbili, padi mpya na diski mpya, vyote vimefungwa na gereji nyingine, na tatizo lilikuwa halijapungua hata kidogo. "Fundi, safari hii sinunui spea yoyote kabla hujanieleza kwa nini," aliniambia. Nilimjibu, "Sawa mama, hata mimi ningetaka hivyo hivyo."

Nililiendesha. Haikuchukua muda mrefu usukani ukaanza kuvuta upande wa kulia bila breki kukanyagwa, na nilipoliweka katika gia huru kwenye barabara tambarare lilisimama mapema mno. Kipimajoto cha infraredi kilionyesha kwamba diski ya kulia ilikuwa imepita nyuzi 200 za Selsiasi huku ya kushoto ikiwa haijafika 90. Hapa ni vyema nieleze kwamba joto la diski moja peke yake halisemi mengi, kwa kuwa diski iliyotoka kufanya kazi ni lazima iwe na joto. Kinachosema ni tofauti kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja, ambayo yamefanya kazi sawa katika barabara moja. Vilevile beringi mbovu ya gurudumu inaweza kupasha kitovu joto na kumpoteza mtu, lakini beringi hupiga kelele inayobadilika kwa mwendo, na gurudumu lake likiinuliwa huwa na mchezo au mkwaruzo, si ugumu wa kubanwa.

Kipimo ambacho mafundi wengi hufundishwa ni kufungua skrubu ndogo ya kutolea upepo iliyo juu ya kalipa iliyokamata. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, tatizo ni mgandamizo uliofungiwa. Gurudumu likibaki gumu, tatizo ni la chuma. Kipimo hicho ni sahihi, na kama una haraka kinatosha kuligawa tatizo katika sehemu mbili. Kasoro yake ni kwamba kinamwaga ushahidi wote kwa mara moja. Mgandamizo ukishatoka kule chini, huwezi tena kujua ulikuwa umezuiwa wapi mpaka ulirudishe gari barabarani likamate upya. Kwa sababu hiyo mimi huanzia juu na kushuka. Mgandamizo uliozuiwa hubaki chini ya kizuizi, kwa hiyo kila kiungo ninachokifungua juu ya kizuizi hakibadilishi chochote kwenye gurudumu, na kiungo cha kwanza kinacholilegeza gurudumu ndicho kilicho upande wa pili wake.

Nilianza na nati mbili zinazoishikilia kwenye busta masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali ili kupeleka mafuta kwenye magurudumu. Nilizilegeza na kuivuta masta mbele kwa milimita chache, na gurudumu likabaki gumu. Kwa hiyo hakukuwa na kitu kilichokuwa kikiisukuma masta kutoka nyuma. Nikafuata kiungo cha bomba la chuma kwenye masta yenyewe, nikakizungushia kitambaa na kukilegeza kidogo: lilitoka tone, gurudumu halikubadilika. Nikashuka hadi kwenye sehemu ambapo bomba la chuma linaungana na mpira wa breki, yaani mrija wa mpira unaopeleka mafuta kwenye kalipa, karibu na gurudumu, nikalegeza pia, na bado gurudumu lilikuwa gumu. Ilipofika zamu ya skrubu ya kalipa, mafuta yaliruka kwa nguvu ndani ya mrija niliokuwa nimeuchomeka, na kijana aliyekuwa ameshika tairi akalizungusha bila taabu yoyote. Kati ya kiungo cha mwisho ambacho hakikubadilisha kitu na skrubu iliyoliachia gurudumu kulikuwa na kifaa kimoja tu, nacho ni ule mpira.

Kwa nje mpira huo ulikuwa mzuri. Haukuwa na mpasuko, haukuvuja wala haukuvimba. Niliukata kwa urefu kwa kisu kikali na kuufungua kama ganda. Karibu na mahali ambapo kifungo cha chuma huubana, tabaka la ndani lilikuwa limebanduka na kufanya kijilimi cheusi, chembamba, chenye urefu wa ukucha, kilicholala kuelekea upande wa kalipa. Mafuta yakija kutoka juu yalikilaza na kupita. Yalipotaka kurudi yalikiinua, nacho kikaziba njia. Mama yule alikigusa kwa ncha ya kidole, akakilaza na kukiinua mara kadhaa, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyekiona. Nilimweleza kwamba hakionekani mpaka mpira ukatwe, na hakuna mtu anayekata mpira ambao hajaushuku.

Kijilimi cha namna hiyo mara nyingi hutokana na umri wa mpira, lakini kuna chanzo kingine ambacho kinaniuma kila ninapokiona kikifanyika. Fundi anapobadilisha padi huifungua kalipa na kuiacha ining'inie kwa mpira wake wa breki, uzito wote ukivuta pale pale kwenye kifungo. Kwa nje hakitokei kitu, na padi mpya zinafungwa, lakini tabaka la ndani linaweza kuwa limeshaanza kuachana na mengine. Kalipa hufungwa kwa waya kwenye springi ya gari. Ni kazi ya nusu dakika. Kwa sababu hiyo hiyo siukubali mtindo wa kuubana mpira kwa koleo ili kuzuia mafuta yasimwagike wakati wa kazi. Pia nimewahi kukuta mpira mzima kabisa uliokuwa unabanwa kutoka nje na klipu yake ya chuma, kwa kuwa kutu ilikuwa imejaa kati ya chuma na mpira na kuuminya mpaka njia ya ndani ikawa finyu kama tundu la sindano. Mipira ya ekseli moja huzeeka pamoja, kwa hiyo nikibadilisha wa kulia hubadilisha na wa kushoto, la sivyo gari linaweza kuanza kuvuta upande mwingine.

Hali hubadilika kabisa wakati kinachokamata si gurudumu moja bali yote manne, au mawili ya mzunguko mmoja, yaani yanayopata mafuta kwa njia moja kutoka kwenye masta. Magari mengi madogo yamegawanywa mfumo wake kwa mshazari, gurudumu la mbele kushoto likiwa pamoja na la nyuma kulia, na mzunguko mwingine kinyume chake. Mengine yamegawanywa mbele na nyuma. Magurudumu mawili ya mzunguko mmoja yakikamata kwa pamoja, sina sababu ya kuanza na kalipa mbili, kwa maana si rahisi ziharibike siku moja. Naelekea juu, kwenye masta silinda.

Ndani ya masta, kila mzunguko una tundu dogo sana linalouunganisha na kikopo cha mafuta pale pedali inapokuwa imepumzika. Katika baadhi ya masta kazi hiyo hufanywa na vali ndogo badala ya tundu. Kazi ya njia hiyo ni kubwa kuliko ukubwa wake. Mafuta ya breki yakipata joto hutanuka, na ujazo unaozidi ni lazima upate mahali pa kurudi. Pedali ikikanyagwa, mpira wa pistoni ya masta hulipita tundu hilo na kulifunga, ndipo mgandamizo unapoanza. Sasa kama kuna kitu kinachoizuia pistoni ya masta isirudi hadi mwisho, tundu hubaki limefunikwa, mafuta yanatanuka bila njia ya kutokea, breki zinabana kidogo, kubana kunaleta joto, na joto linaleta kutanuka zaidi. Breki inajikanyaga yenyewe. Dereva huigundua hali hii kwa mguu kabla ya pua: pedali hupanda juu na kuwa ngumu kila anapoendelea kwenda, mpaka mwisho inakaribia kutosogea. Nikisikia maneno hayo, pedali imepanda na imekuwa ngumu, huwa nimeshaacha kufikiria magurudumu.

Vinavyoizuia pistoni ya masta isirudi ni vichache na vyote vinaweza kukaguliwa kwa dakika chache. Fimbo inayotoka kwenye busta inaweza kuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, na hilo hutokea hasa baada ya busta au masta kubadilishwa bila kupima nafasi iliyo kati yake. Swichi ya taa za breki, ile inayokaa juu ya pedali, inaweza kuwa imeingizwa mno hadi inaisukuma pedali chini kidogo. Egemeo la pedali linaweza kuwa limekauka. Hata zulia nene lililokunjamana chini ya miguu linastahili kutazamwa. Ndiyo sababu nati mbili za masta ndizo ninazozigusa kwanza: zikilegezwa na masta ikasogea mbele, na magurudumu yakaachia, basi masta yenyewe huenda ni nzima na kosa liko nyuma yake. Magurudumu yasipoachia mpaka nifungue mabomba kwenye masta, kosa liko ndani ya masta.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda sana kwa kuwa kinaonyesha kwa macho kinachotokea ndani. Kwenye masta zenye tundu la kawaida, nafungua kifuniko cha kikopo na kumwomba mwenzangu aiguse pedali taratibu sana, kwa uzito wa kidole gumba cha mguu. Tundu likiwa wazi, pedali inapoanza tu kusogea juu ya mafuta hutokea kijiwimbi kidogo, na wakati mwingine kijichemchemi kinachopanda na kuzama, kwa sababu pistoni husukuma mafuta kidogo kurudi kwenye kikopo kabla haijalifunga tundu. Kisipotokea chochote, tundu huenda tayari limefunikwa au limeziba. Uso hauwekwi juu ya kikopo wakati wa kipimo hiki, kwa maana pedali ikikanyagwa kwa nguvu mafuta yanaweza kuruka machoni, na matone yakianguka kwenye rangi ya gari yaoshwe mara moja kwa maji mengi kabla hayajaibabua.

Kifuniko hicho hicho cha kikopo kimewahi kunipa jibu kabla sijashika spana. Gari lililetwa likiwa linakamata magurudumu yote, na nilipokifungua kifuniko, mpira wake wa ndani ulikuwa umevimba na kujikunja mawimbi kiasi kwamba haukukubali tena kurudi mahali pake. Mpira wa sehemu za breki kwa kawaida hutengenezwa kwa aina ya mpira inayovumilia mafuta ya breki ya glikoli lakini huvimba inapokutana na oili inayotokana na mafuta ghafi, kama vile oili ya injini au ya usukani wa hidroliki. Nilichukua matone machache ya mafuta kutoka kwenye kikopo na kuyatia katika glasi ya maji safi. Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, madaraja ya kawaida ya mafuta ya glikoli, huchanganyika na maji na kupotea. Yale yaliacha utando unaong'aa juu ya maji. Nilimwita mwenye gari atazame, na alikumbuka kwamba mtu aliyemsaidia njiani aliongeza "mafuta kidogo" kutoka kwenye chupa iliyokuwa wazi.

Kazi ya kurekebisha hali hiyo ni ngumu kuielezea kwa mteja, kwa kuwa anaona kosa ni vijiko vichache vya oili. Lakini oili haikai kwenye kikopo. Inatembea na kufika kwenye kila sili, kila mpira na kila kalipa. Kusafisha na kutia mafuta mapya hakurudishi umbo la mpira uliokwisha kuvimba, na ukiubadilisha ule wa masta pekee, mingine iliyobaki itakukamata barabarani baadaye. Kwa uaminifu kabisa naamini kwamba katika hali hii fundi anayekubali kufanya nusu ya kazi kwa sababu mteja ameombea nafuu anamtendea mteja huyo ubaya. Sehemu zote zenye mpira hubadilishwa, mabomba ya chuma husafishwa, na kifaa cha ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge breki inapokanyagwa kwa nguvu, ambacho nacho kina mipira ndani yake, lazima kizungumzwe waziwazi kabla ya kazi kuanza.

Matatizo ya chuma, yale ambayo gurudumu hubaki gumu hata baada ya kufungua skrubu ya kalipa, ni mengi zaidi kwa idadi lakini ni mepesi zaidi kuyabaini, kwa kuwa yanaonekana. Kwenye kalipa zinazoelea, mwili wa kalipa huteleza juu ya pini mbili, na pini moja ikikauka au kushika kutu, kalipa hubana lakini hairudi. Padi zenyewe hutoa ushahidi: moja imelika kuliko mwenzake, au imelika kama kabari, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Sehemu nyingine isiyotazamwa ipasavyo ni vikalio vya padi. Kutu huota chini ya vile vibati vyembamba vya chuma kisichoshika kutu, inavisukuma juu, na padi iliyokuwa ikiteleza kwa uhuru inakuwa imebanwa kwa nguvu mahali pake. Fundi akiiona padi inaingia kwa kugongwa nyundo, asiitie kwa nyundo. Avitoe vibati, asugue kutu hadi chuma kionekane, ndipo airudishe, nayo iingie kwa mkono.

Pini hupakwa grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha vifuniko vya mpira vya pini, na pini inayoteleza vizuri siku ya kufungwa inakuwa imekwama baadaye. Kwenye magari mengine pini moja ina kifuko cha mpira kwenye ncha na nyingine haina, na kila moja ina tundu lake. Zikibadilishana, kalipa hukwama ingawa kila kitu ni kipya. Pistoni nayo hupimwa kwa kurudishwa ndani taratibu kwa kibanio, skrubu ikiwa imefunguliwa ili mafuta machafu yasirudi kwenye ABS: iingie kwa mwendo laini usiokatika. Ikigoma, ikaingia kwa kushtuka, kutu imeshapita chini ya kifuniko chake cha vumbi.

Nyuma, handibreki huongeza njia moja zaidi ya kukamata. Maji na matope huingia ndani ya gamba la waya wake, waya ukashika kutu, na lever ikiachiwa ndani ya gari kule nyuma hakuna kilichoachiwa. Nauchomoa waya kwenye gurudumu: kijiti cha kalipa kikirudi hadi kwenye kizuizi chake, waya ndio mgonjwa; kisiporudi, kalipa ndiyo mgonjwa. Kwenye breki za ngoma natazama pia springi za kurudishia na kirekebishi kinachojikaza chenyewe, kwa kuwa springi iliyochoka haina tofauti kubwa kwa macho na springi nzima.

Busta nayo inaweza kukanyaga breki bila dereva, vali yake ya ndani ikikaa wazi. Dalili yake ni kwamba breki hukamata injini ikiwaka na huachia injini ikizimwa na pedali ikapigwa mara kadhaa hadi ombwe liishe. Ama kuhusu vali za ABS na mfumo wa kudhibiti utulivu, ambao kweli unaweza kukamata gurudumu moja kwa amri ya umeme, huwa naufikia baada ya mpira, masta na kalipa kupimwa, isipokuwa kama taa yake imewaka, hapo nasoma kwanza kumbukumbu zake kwa mashine.

Baada ya kosa kupatikana, kazi haijaisha. Breki iliyokamata imepika kila kitu kilicho jirani: diski inaweza kuwa na rangi ya buluu na nyufa ndogo, padi zimekuwa na uso wa kioo, grisi ya beringi inaweza kuwa imeyeyuka, na mafuta ya breki yamepata joto lisilo la kawaida. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka. Kiwango cha chini kinachotakiwa kwa DOT 3 ni nyuzi 205 yakiwa mapya na 140 yakiwa yamenyonya maji. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hugandamizika, na pedali huzama hadi sakafuni wakati ambapo dereva anahitaji breki kuliko wakati wowote. Kwa hiyo gari lililokamata lipate mafuta mapya, na liende barabarani kwa majaribio ya mwendo ule ule ulioamsha tatizo, kisha diski zipimwe tena kwa kulinganisha kulia na kushoto. Silikabidhi gari kabla ya kipimo hicho.

Dereva akinipigia simu akiwa amekwama njiani, namwomba asimamishe gari mahali salama pa tambarare, aweke kizuizi kwenye tairi, na asimwagie maji diski ya moto, kwa kuwa inaweza kupinda au kupasuka. Kisha namwuliza maswali wakati tatizo bado lipo. Asogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, aniambie ni ngapi zenye joto lisilo la kawaida na ni zipi. Aiguse pedali: je, iko mahali pake pa kila siku au imepanda na kuwa ngumu? Azime injini, aipige pedali mara kadhaa, aone kama gari linasogea likisukumwa. Na la mwisho, ni nini kilichofanywa kwenye gari hivi karibuni? Dereva mmoja kijana alinijibu kwa utulivu wa kupendeza: magurudumu yote yana joto, pedali ni ngumu, kuzima injini hakukusaidia, na gari lilikuwa limetoka kubadilishwa swichi ya taa za breki. Nilimwomba aingize ncha ya kiatu chini ya pedali na kuivuta juu. Baada ya kimya kifupi alisema imesogea kidogo tu na gari limeanza kusogezeka. Nilimsihi asiondoke, nikaenda na spana ya swichi hiyo, nikairudisha nyuma hadi pedali ikapata mchezo wake wa milimita chache, nikakaza nati ya kuifungia, kisha tukasubiri diski zipoe ndipo nizikague moja baada ya nyingine.